Kuhusu Mahali

Kisumu, Kenya
9 Agosti 2025

Shemeji Mayala,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na mwanetu Sharon, na goti lako la kushoto limetulia. Mimi ni mzima ila nina malengelenge mawili kisiginoni, ambayo nayahesabu kama vyeti. Nisalimie majirani wote wa Kigongo, hasa wale waliosema sitafika hata Musoma.

Nimefika na kupita. Pale mpakani Sirari kijana wa uhamiaji alitazama pasi yangu, akatazama begi langu la mgongoni, akasema kwa huruma, "Pole sana mama. Nani amefariki?" Nikamwambia hajafariki mtu. "Basi unakwenda kwa nani?" Siendi kwa mtu. "Unauza nini?" Siuzi kitu. Akaita mwenzake. Nikawaeleza wote wawili kwamba nimefundisha jiografia pale chuoni Butimba miaka thelathini na mmoja, nimeichora Afrika ubaoni mara nyingi kuliko nilivyosonga ugali, na Afrika yenyewe sijaikanyaga. Sasa nimestaafu, natembea. "Kwa hiyo wewe ni mtalii?" akauliza yule wa pili, na wakacheka mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Mwishowe waliandika kwamba natembelea ndugu. Nikauliza ndugu gani. "Utampata huko mbele," akasema, akagonga muhuri.

Begi hili nililinunua kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, na lina mikanda kumi na minne. Kazi ya mikanda sita naijua. Ile minane iliyobaki inaninyonga kwa zamu.

Simu nimeiacha makusudi kwenye droo Butimba. Nataka kusikia nchi za watu, si vikao vya harusi za watu nisiowajua. Niandikie barua. Nalala kwenye nyumba za wageni za masista, na kila ninapoondoka naacha anwani ya mbele ili wanitumie. Ijayo ni Fort Portal, Uganda, nimeiandika nyuma ya bahasha.

Jambo moja la maana. Tangu daraja lifunguliwe najua madalali wanazunguka Kigongo kama nzi. Mahali pale alipokuwa anakaangia samaki marehemu dada yangu Prudencia ni pa Sharon na pangu. Usimpe mtu jibu kabla ya kuniuliza. Wewe mtu akikusifia chai yako tu, unampa na birika.

Je, umeshalivuka hilo daraja au bado umenuna? Na pale stendi uliniuliza nitarudi lini. Basi lilikuwa linaunguruma, sikusikia vizuri.

Shemeji yako,
Celestina


Kigongo, Misungwi
30 Agosti 2025

Shemeji Celestina,

Malahaba. Balua yako imefika, nimeisoma mala tatu. Sisi hapa wazima. Goti limetulia, mvua bado, na mbuzi wa jilani amekula shuka langu likiwa kwenye kamba. Amekula nusu, hiyo nusu nyingine najifunika miguu.

Dalaja sijalivuka na sitalivuka. Miaka ishilini na tisa nimefunga na kufungua kamba za kivuko pale pale, abilia hata mmoja sijamwacha kwenye maji. Nilijua nani anakwenda msibani na nani anakwenda kuchumbia, kwa kutazama viatu tu. Sasa watu wanapita juu kwa dakika chache, hawajuani hata sula. Nikitaka kitu cha ng'ambo nitaagiza.

Sharon ni mzima, kazi nyingi kule zahanati. Kuna mwalimu wa hesabu anaitwa Alekisanda anakuja kwake kupima plesha kila Ijumaa. Kijana wa miaka thelathini, shingo kama ya ng'ombe dume, plesha ya nini. Nilimuuliza Sharon kama huyo mtu anaumwa sana. Akasema hali yake inatia matumaini. Sikupenda alivyocheka.

Shemeji, mimi mtu akisafili namuuliza anafuata nini. Wewe unafuata nini huko? Na utaludi lini?

Mimi shemeji yako,
Mayala


Fort Portal, Uganda
17 Septemba 2025

Shemeji Mayala,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Poleni na shuka.

Nakurudishia barua yako, nimeisahihisha. Usikasirike, mkono wenyewe ulichukua kalamu nyekundu. Makosa ya r na l niliyahesabu mpaka nikachoka. Umepata nne kwa kumi, na mbili kati ya hizo ni kwa ajili ya mbuzi. Chukua ile kamusi ya Sharon ya sekondari. Kila neno unalotaka kuandika, litazame kwanza. Likiwemo, liandike. Lisipokuwemo, badilisha herufi.

Hapa nyumba ya masista ilikuwa imejaa, wakanielekeza kwenye nyumba ya vijana wa Kizungu wenye mabegi kama langu. Tunalala chumba kimoja watu wanane, vitanda vya juu na chini, na mimi nimepata cha juu. Kupanda napanda. Kushuka ni lazima nitangaze. Asubuhi ya kwanza msichana mmoja aliniletea fulana zake sita akinishukuru kabisa, maana mama mweusi mwenye miaka sitini ndani ya nyumba ile angekuwa nani kama si mfuaji? Sikubishana. Nilimkalisha kwenye karai nikamfundisha kufua. Siku ya pili walikuwa wanne wamelizunguka karai, na wa tano anasubiri zamu.

Ni watoto wazuri. Wanasema wametoka kwao kuja kujitafuta. Nikawauliza walijipotezea wapi, maana ingekuwa rahisi kuanzia hapo. Mmoja aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake, akanishika mkono kwa heshima kubwa.

Sasa sikia. Milima ya Ruwenzori nimeichora kwa chaki nyeupe kila mwaka tangu niajiriwe. Hapa siku mbili imejifunika mawingu, nikaanza kuamini niliwadanganya wanafunzi. Siku ya tatu saa moja asubuhi ilijitokeza yote, theluji na kila kitu, nami nimesimama nje ya duka na kikombe cha chai. Nililia hadharani, Shemeji. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, begi limeshajaa. Mwenye duka akatoka, akanipa pole, akaniuliza nani amefariki.

Huyo mwalimu wa hesabu mpimeni vizuri. Kuhusu kurudi kwangu: ndizi za huku ni laini sana.

Celestina


Kigongo, Misungwi
12 Oktoba 2025

Shemeji Celestina,

Marahaba. Neno hilo nimelitazama kwenye kamusi, liko sahihi. Barua hii imenichukua siku tano kwa sababu ya hiyo kamusi. Nimegundua kwamba maneno mengi nilikuwa nayakosea tangu darasa la kwanza. Mwalimu wetu naye alikuwa Msukuma, kwa hiyo alikuwa ananipa vema.

Barua yangu yenye damu nimeipokea. Sharon ameibandika ukutani zahanati.

Sisi wazima. Mvua imeanza, paa linavuja upande wa jikoni lakini si sana. Yule mbuzi ameuzwa.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili iliyopita walikuja wageni watatu kutoka ng'ambo, watu wazima, wamevaa kanzu na makoti juu. Walikaa, wakanywa chai, wakaisifia. Wanataka tuzungumzie mahali. Nimewaambia mahali haiko mikononi mwangu peke yangu. Prudencia aliacha neno kwamba wewe ndiye wa kusema ndiyo au hapana, na ni haki. Wanaomba jibu kabla ya Krismasi. Sharon anasema tukubali, tena upesi.

Mimi sijasema kitu. Nyumba yenyewe tuko wawili tu, shemeji. Andika unavyoona.

Mayala


Kigali, Rwanda (kadi ya posta)
22 Novemba 2025

Shemeji, shikamoo. Barua yako imenikuta Kigali, imezunguka kuliko mimi. Kamusi inakufaa, safari hii nimeona kosa moja tu. Kuhusu mahali: jibu ni HAPANA. Hao wenye makoti wasindikize kwa adabu wasirudi tena. Sharon ataelewa akikua. Niandikie kwa masista wa Mzuzu, Malawi. Kadi imejaa na basi linapiga honi. Celestina


Kigongo, Misungwi
28 Desemba 2025

Shemeji Celestina,

Salamu za Krismasi. Mimi ni mzima.

Kadi yako ilifika tarehe kumi na tano. Wageni walikuja tena siku iliyofuata nikawaambia ulivyosema. Walisimama, wakanishukuru kwa chai, wakaondoka. Mzee wao alisahau fimbo yake hapa, hawakurudi kuichukua.

Sharon amehamia nyumbani kwako Butimba, ana ufunguo. Anakwenda kazini kutokea huko. Alilia siku tatu. Yule mwalimu wa hesabu haji tena kupima presha.

Krismasi nilipika kuku mzima kwa mazoea. Nimemla siku nne.

Nadhani umefanya vizuri. Mahali si jambo la haraka.

Mayala


Mzuzu, Malawi
25 Januari 2026

Shemeji Mayala,

Shikamoo. Salamu leo nazikatisha, utanisamehe. Barua hii anakuletea mkono kwa mkono dereva anaitwa Nathaniel, anapeleka mbao Mwanza. Mpe chai na usimsifie sana.

Nilisoma barua yako ya Krismasi nikakasirika. Nikajiuliza huyu mtoto analiaje siku tatu kwa sababu ya kiwanja cha kukaangia samaki? Na mwalimu wa hesabu kiwanja kinamhusu nini mpaka presha yake ipone? Nilikuwa jikoni na Sista Wilhelmina, mkuu wa nyumba hii, tunachambua maharage. Nikamsomea kwa sauti ili anisaidie kulaumu. Akaacha maharage. Akaniuliza, "Huyo shemeji yako ni kabila gani?" Nikasema Msukuma wa Misungwi. Akasema, "Mimi ni wa Sumve, Msukuma mwenzake. Mpaka leo nikitaka kuandika neno hilo nasimama kwanza, navuta pumzi. Soma tena."

Nilisoma tena. Shemeji, wale wazee walikuja kuzungumzia MAHARI.

Nilichukua na ile barua yako ya Oktoba. Umeandika "mahali haiko mikononi mwangu". Kama ungekuwa unasema kiwanja ungeandika hapako. Na mimi mwalimu mzima nililiona, nikalizungushia duara jekundu, nikaandika pembeni "hapako", nikajipongeza. Niliona kosa, sikuona mtoto.

Haya, kamusi ilikuwa mkononi mwako. Ilikuwaje?

Nimepiga namba yako mara tisa kwa simu ya Sista, kwa kuwa ndiyo namba pekee niliyo nayo kichwani. Ya Sharon iko kwenye droo pamoja na akili zangu. Mara nane unakata. Mara moja ulipokea, na Sista anasema mtu aliyepokea alijitambulisha kuwa ni Askofu wa Kigongo.

Jibu langu ni ndiyo. Ndiyo kwa Alexander, ndiyo kwa shingo yake, ndiyo kwa wazee wake na fimbo yao. Nenda kwa Sharon leo. Halafu nenda kwao kijana, popote walipo, ukawaombe radhi mwenyewe, si kwa simu. Naogopa tumechelewa. Wazee waliorudishwa hawakai wakisubiri, watakuwa wameshaambiwa binti mwingine wa kumtazama. Sitalala nikipata picha ya Sharon anawapima presha watoto wa watu wengine kwa sababu ya kalamu yangu nyekundu.

Na swali moja, nijibu kwa ukweli. Sharon Kiswahili chake ni kizuri. Ile kadi angeisoma angejua palepale. Ulimwonyesha?

Celestina


Bukoba
13 Februari 2026

Shemeji Celestina,

Marahaba. Ndiyo, nakuandikia nikiwa Bukoba. Kaa kwanza.

Mwombee Sista radhi. Kila wiki napigiwa na watu wanaosema wana ujumbe muhimu kuhusu mtoto wangu. Alipodai ni Sista anapiga kutoka Malawi nilimwambia kama yeye ni Sista basi mimi ni Askofu, na wizi una mwisho. Kamusi nayo ilifanya kazi yake. Nilitafuta mahali, nikalikuta limekaa pale na maelezo marefu. Uliniambia likiwemo niandike. Maelezo sikuyasoma.

Umeniuliza kwa ukweli, nakujibu kwa ukweli. Kadi sikumwonyesha.

Ilipofika nilikuwa peke yangu. Niliisoma nikafurahi. Halafu nikaisoma tena nikaona kuna kitu hakijakaa sawa, maana wewe uliyemlea mtoto huyu miaka yake ya sekondari na chuo usingemkatalia kwa mistari mitano na basi linapiga honi. Ningeweza kuuliza. Niliikunja nikaitia mfuko wa shati. Sharon aliponiambia nimwonyeshe nilisema imelowa. Sikutaka aende, shemeji. Ndiyo maana hata jina la kijana sikuliandika kwenye ile barua ya Oktoba. Hana kosa lolote. Kosa lake ni kwamba kwao ni Bukoba, na wanaooa hupeleka mke kwao.

Nathaniel alifika akiwa na barua yako, akanywa chai. Siku ileile nilikwenda Butimba. Sharon alifungua mlango nusu. Nikampa kadi. Akaisoma. Akasema, "Baba, hapa ameandika mahali." Nikasema ndiyo, mahali. "Hapana Baba. Ma-ha-li." Akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu, jirani yako akatoka kuangalia kuna nini. Alipomaliza kucheka alinitazama. "Na imekauka vizuri," akasema. "Kwa nini hukunionyesha?"

Hapo sikuwa na kamusi. Nilimwambia kama nilivyokwambia wewe. Halafu akaingia ndani akatoka na begi lake la shule la zamani, ametia shati langu jeupe na ile fimbo ya mzee imechomoza juu, kumbe alivichukua siku aliyohama. Akasema, "Nenda ukawaambie na wao hivyohivyo, usipunguze."

Basi la Bukoba linapita darajani, hilo unalijua. Tulipofika nilifumba macho. Katikati nikafumbua, kwa kuwa mama niliyekaa naye alikuwa ananiuliza nani amefariki. Shemeji, ziwa ni lilelile, ila kutoka juu unaliona lote. Niliiona gati yetu. Niliuona mwamba ambao Prudencia alikuwa anaanikia dagaa. Niliona paa langu. Miaka yote hiyo sijawahi kuliona paa langu kwa juu. Linahitaji bati mbili.

Baba yake Alexander ni mzee Rutashobya, ndiye mwenye fimbo. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Waliniletea kikapu kidogo cha mbegu za kahawa zilizokaushwa, nami nikadhani ni kama karanga. Nilizitafuna zote, huku nikisema asante. Kumbe mgeni huchukua mbili au tatu, kikapu kinazunguka. Watu kumi walikaa wakinitazama nikimaliza kahawa yao. Tangu juzi sijapata usingizi na moyo unakwenda kama injini ya kivuko.

Basi nikaeleza habari ya mahali na mahari. Walicheka sana, hata wanawake jikoni tuliwasikia. Mzee akafuta machozi akasema, "Kwa hiyo kumbe hakuna aliyekataa." Ningeweza kuishia hapo, kila mtu alikuwa na furaha. Lakini nilikumbuka uso wa Sharon pale kwenye ngazi. Nikasema, "Yupo aliyekataa. Ni mimi. Nilijua kuna kosa nikalinyamazia, kwa sababu sitaki kula peke yangu."

Alexander alikuwa anatazama sakafu. Mzee akaigeuza ile fimbo mkononi, halafu akasema, "Mimi nina mabinti wanne. Kila mmoja alipochumbiwa niliugua tumbo wiki nzima. Huyu wa mwisho nililazwa." Akaagiza kikapu kingine, ila mimi wakaniruka.

Hatujachelewa, shemeji. Kijana alikataa kutazamiwa binti mwingine, amewaambia wazee presha yake haipimwi na mtu mwingine yeyote. Watakuja Kigongo na mahari Jumamosi tarehe 11 Aprili. Wana sharti moja tu. Aliyesema hapana kwa kadi aje aseme ndiyo kwa mdomo wake, amekaa kwenye kiti cha mama wa binti, wote wakisikia. Usipokuwepo wataondoka na vitu vyao, na mara ya nne hawaji.

Kwa hiyo nakuuliza tena, na safari hii hakuna basi linalounguruma. Unarudi lini?

Mayala


Mzuzu, Malawi
3 Machi 2026

Shemeji Mayala,

Shikamoo, na pole na kahawa. Barua yako niliwasomea masista wakati wa chakula cha mchana. Nilipofika kwenye fimbo iliyochomoza begini walipiga makofi. Sista Wilhelmina anakusalimu, Mhashamu.

Ningeweza kupiga simu, najua sasa utapokea. Lakini hili siwezi kulisema kwa sauti.

Umeniambia lako, na mimi nikuambie langu. Kila mtu nimemwambia nimeondoka kwenda kuona mito na milima. Nimeiona na nimefurahi, huo si uongo hata kidogo. Nimeogelea Ziwa Nyasa na gauni zima nikiwa na watoto wa shule wananishangilia. Nimekula vitu nisivyojua majina yake na nikaomba tena. Lakini mwezi wa Desemba, nikitoka Rwanda kuja huku, basi letu lilisimama Nyakanazi nusu saa. Pembeni kulikuwa na basi la Mwanza lina nafasi, kondakta ananiita, "Mama, panda, jioni uko nyumbani." Nilinunua mhindi wa kuchoma, nikala, nikapanda la kwenda kusini.

Sharon alianza kusema habari za kijana wake mwaka jana mwezi wa tano. Mwezi wa sita nilinunua begi. Nilijua siku hii inakuja, na nilijua nitaitwa kukaa kwenye kile kiti. Miaka tisa tangu dada afariki, Shemeji, nimebaki kuwa mama mdogo. Kuwa mama mdogo najua. Mama mdogo ni wa kusaidia wakati mkubwa hayupo kidogo. Siku nikikikalia kiti cha Prudencia mbele ya watu, basi dada yangu amekufa kweli. Ndiyo maana kila ulipouliza nitarudi lini nilikujibu habari za ndizi.

Begi nimeshalifunga, na mikanda yote kumi na minne sasa naijua. Nakuja, nikishapata jibu lako hapa. Lakini sijui nitakaaje pale. Sharon usimwambie hili.

Celestina


Kigongo, Misungwi
14 Machi 2026

Shemeji Celestina,

Marahaba. Tunatuma hii kwa Nathaniel, anashuka tena kufuata mbao, amesema atakukabidhi mkononi na kwamba kuna kiti mbele ya lori kama huna haraka.

Sharon nimemsomea barua yako yote. Usinilaumu, siwezi tena kuficha karatasi ndani ya nyumba hii. Amerudi chumbani kwake, amenisamehe kila siku isipokuwa Krismasi, hiyo anasema ataifikiria. Bati mbili zimewekwa.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda nje, akarudi macho mekundu. Amesema niandike hivi, neno kwa neno, na amesimama nyuma yangu anaangalia herufi: "Mwambie Mama mdogo kiti cha Mama hakikaliwi na mtu. Kitakuwepo, nitakitandika kitenge chake cha njano, na wazee wakikisalimia nitafurahi. Cha kwake kitakuwa upande wangu wa kulia, kimegusana na changu. Sihitaji Mama mwingine, namhitaji yeye. Baba akianza kutoa hotuba nitacheka, na ni yeye tu anayejua pa kunifinya."

Nimewauliza wazee wa Bukoba kama viti viwili vinaruhusiwa. Mzee Rutashobya amesema leta hata kumi, mradi sauti itoke.

Sasa limebaki moja. Kitenge cha sare kimenunuliwa, na magauni yote yameshakatwa isipokuwa lako. Sharon anasema utakuwa umekonda kwa kutembea. Mimi nasema umenenepa, kwa jinsi unavyoandika kuhusu chakula. Tumebishana siku mbili na fundi amechoka na sisi. Anataka kipimo chako kabla ya mwisho wa mwezi. Usipokituma, lete mwili wenyewe.

Mayala